Shaaban Robert, Kitereza, Mbaraka: nani angebeba ThinkPad na nani angebeba MacBook?

Swali limetoka kwa dogo mmoja anasoma Malimbe hapa Mwanza, nalifupisha kidogo: "Kaka shikamoo. Hapa geto tumebishana karibu tugombane. Mwenzangu ana MacBook, anasema mbunifu wa kweli lazima atumie Mac, eti hata kina Shaaban Robert, Tingatinga na Mbaraka Mwinshehe wangekuwepo leo wangekuwa na Mac, ThinkPad ni za wahasibu na watu wa benki. Mimi naandika hadithi na mashairi, na hela niliyonayo inatosha ThinkPad ya mtumba pale mjini. Kuna msanii yeyote wa maana unayeona angetumia ThinkPad, au nivumilie mpaka nifikishe hela ya Mac?"

Marahaba mdogo wangu. Nitakujibu kifundi mana hizi laptopu zote mbili nazifungua, ya mwenzako ikiharibika inakuja mezani kwangu na ya kwako itakuja tu, na nikwambie mapema kabisa kwamba kwenye hiyo orodha yenu ThinkPad inaondoka na watu wengi kuliko mwenzako anavyodhani, ila sio wote, kuna mmoja namkabidhi yeye bila ubishi.

Kwanza huo ubishi haujaanzia geto kwenu. Mwaka 1997 Apple, ambao ndo wenye Mac, hali yao kibiashara ilikuwa mbaya, wakatoa lile tangazo la Think Different, wakapanga mle sura za kina Einstein, Gandhi, Picasso, Maria Callas. Sasa piga hesabu mwenyewe, Gandhi kafariki 1948, Einstein 1955, Picasso 1973, Callas 1977, na Mac ya kwanza imeingia sokoni Januari 1984. Hao wanne hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa. Na usicheke Apple peke yao, IBM ambao ndo baadae walizaa ThinkPad nao walipoleta kompyuta yao mwaka 1981 waliitangaza kwa yule mhusika wa Charlie Chaplin mwenye kofia na fimbo, Chaplin mwenyewe keshazikwa toka 1977. Marehemu ni mzuri kwenye matangazo, habadili maoni na hadai posho. Kwahiyo mwenzako anarudia tangazo la watu bila kujua, na nyie wawili mmeshakuwa Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana. Kama umewahi kufika Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita unajua ninachosema, watu wa Ngika huku, watu wa Gumha kule, ngoma zinalia kwa wakati mmoja na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi, upande huu ukitoa kioja umati unahamia, upande ule ukitoa kioja umati unarudi. Ni raha sana kuangalia, lakini kuvuta watu ni jambo moja na kulima ni jambo lingine, hata Bagika na Bagalu wenyewe siku ya kulima wanaweka mapambo pembeni wanashika jembe.

Sasa tukitaka kubashiri kwa haki, mimi natumia njia moja tu: usiangalie umaarufu wa mtu wala vituko vyake, angalia alichokishika mkononi kweli, alikipataje, na kikiharibika nani alikuwa anakitengeneza. Hapo mtu anajitaja mwenyewe.

Mfano wa waliozikuta kompyuta. Andy Warhol, yule mchoraji wa Marekani, Julai 1985 alipanda jukwaani New York akamchora mwimbaji Debbie Harry kwa kompyuta mbele za watu. Ungemuuliza mwenzako angesema Mac, kumbe ni Amiga ya Commodore, na sababu ni kwamba Commodore ndo waliokuwa wanazindua mashine yao wakamwita. Basi. Michoro mingine aliyofanya kwenye Amiga ikabaki ndani ya flopi, yeye akafariki 1987, Commodore wenyewe wakafilisika 1994, mpaka 2014 ndo vijana wa klabu ya kompyuta ya chuo cha Carnegie Mellon wakafanikiwa kuitoa. Shika hilo la flopi nitalirudia. Halafu kuna George R. R. Martin, mwandishi wa zile riwaya ndefu za majoka na kugombea ufalme, huyu mwaka 2014 alisema hadharani kwamba anaandika kwa WordStar, programu ya enzi za DOS, kwenye kompyuta ambayo haina intaneti, kwasababu hataki mashine imsahihishie maneno. Wewe unayeandika Kiswahili utamwelewa haraka sana, na ile mistari myekundu chini ya kila neno kama karatasi ya mtoto aliyefeli. Upande wa Mac nao wana mtu wao halali, Douglas Adams, Mwingereza mmoja mcheshi, huyo alizipenda toka zinatoka na hakuna tangazo lililomsukuma. Unaona sasa, mmoja kaitwa na wenye mali, mmoja kang'ang'ania alichokizoea, mmoja kapenda tu.

Haya tuje kwa watu wetu.

Shaaban Robert ni rahisi. Alikuwa karani wa serikali, kaanza kazi forodhani mwaka 1926 na maisha yake karibu yote ya kazi yamepita kwenye ofisi za mkoloni, idara hii idara ile, na humo humo ndo akaandika vitabu vyote vile. Karani hachagui mashine, anapewa. Na mashine ambayo maofisi ya dunia yamewapa makarani kwa miaka 30 ni ThinkPad. Ya kwanza ilitoka 1992 chini ya IBM, umbo lake alilibuni Mjerumani mmoja anaitwa Richard Sapper na inasemwa wazo alilitoa kwenye lile boksi jeusi la chakula la Wajapani, ukilifunga ni boksi tu, ukilifungua ndo unaona mambo, na kile kidoti chekundu katikati ya G, H na B ndo rangi inayokuvuta jicho. Lenovo wakanunua kitengo chote cha kompyuta za IBM mwaka 2005 na boksi likabaki vile vile. Hizi unazoziona pale mjini nyingi ni za maofisi ya Ulaya na Marekani, kampuni inazitumia miaka mitatu minne inazitoa kwa mkupuo zinakuja huku kwa mzigo. Geuza moja uangalie chini, mara nyingi utakuta stika ya mali ya kampuni imekwanguliwa nusu, imebaki namba na gundi iliyoshika vumbi, na kidoti chekundu kimesagika mpaka kimekuwa laini kama punje ya harage. Mtu aliandika barua za ofisi humo miaka minne. Shaaban Robert angekaa hapo bila hata kuuliza ni kampuni gani, saa za kazi anaandika ya serikali, saa zake anaandika ya kwake. Mwenzako anasema ThinkPad ni ya wahasibu kama tusi, sasa mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili alikuwa ni nani kama sio mtu wa ofisi?

Ila aliyenifanya nikae nijibu kwa urefu hivi hamjamtaja nyie wote, na ni wa hapa hapa ziwani. Aniceti Kitereza, mzee wa Ukerewe, kazaliwa 1896. Mwaka 1945 alimaliza riwaya yake, kaiandika kwa Kikerewe, riwaya kubwa haswa, na hakupatikana wa kuichapa kwasababu ni Kikerewe nani atanunua. Mzee akakaa na muswada. Baadae akakaa chini akaitafsiri yote mwenyewe kwa Kiswahili, ndo ile Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Tanzania Publishing House wakaitoa mwanzoni mwa miaka ya 80 na mzee akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Hesabu kutoka 1945. Miaka kama 35 kazi ya maisha yako ni furushi la karatasi kisiwani, na wewe unajua unyevu wa ziwa unavyofanya karatasi, unajua mchwa wa huku.

Sasa mpe huyo mzee laptopu. Swali lake sio ipi inang'aa, swali lake ni nini kitabaki mashine ikifa, mana miaka 35 hakuna mashine inayofika, ile Mac ya 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya KB 128, leo picha moja ya simu haiingii humo. Kwenye MacBook za kuanzia M1, zile zilizotoka mwishoni mwa 2020, sehemu ya kuhifadhia imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu, moja kwa moja, yani mazabodi ikifa kazi yako imefia humo humo, fundi anaweza kupambana kuifufua bodi lakini hawezi kuchomoa kazi akakupa mkononi. ThinkPad unalegeza skrubu za chini, unabandua mfuniko kwa kadi ya simu iliyoisha, SSD, yani hiyo sehemu ya kuhifadhia, hiyo hapo ukubwa wa ulimi wa bazoka, unaitoa unaivalisha kwenye kiboksi cha USB unaendelea na kazi kwenye mashine ya jirani. Kuna kitu kimoja tu cha kuzuia, BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofungia kazi zako, kama imewashwa na funguo zake huzijui basi hata ThinkPad itakutoa jasho, kwahiyo hakikisha zile namba za kuifungulia umeziandika mahali.

Halafu fikiria umeme na umbali. Mtu anakaa Kagunguli kule Ukerewe, mashine ikizima aipandishe meli Nansio aje nayo Mwanza, siku imeisha, nauli imeisha, na akifika fundi anamwambia kifaa kinaagizwa. T480, moja ya hizo ThinkPad, ina betri mbili, moja ndani na moja nje, ile ya nje unaichomoa mashine ikiwa inawaka unachomeka nyingine iliyojaa, unaandika hata umeme ukate toka mchana mpaka usiku mradi una betri ya akiba. Kibodi ikiharibika unabadilisha kibodi tu na zinapatikana mjini. Kitereza ni ThinkPad mdogo wangu, hapo sibishani na mtu.

Kezilahabi naye wa Ukerewe hiyo hiyo, Namagondo, kazaliwa 1944, katutoka Januari 2020. Huyu najua mwenzako atamnyakua, atasema si alikuwa muasi, si ndo Kichomi ya 1974, mashairi bila vina bila mizani mpaka wakongwe wakawaka. Mimi naona kinyume. Mtu aliyevua ushairi mapambo ukabaki maneno matupu na hoja, utamuuzia vipi laptopu kwa nembo inayong'aa? Na alikuwa profesa, Dar na baadae Botswana, vyuo navyo ni maofisi. ThinkPad tena.

Kwenye muziki ndo mambo yanachanganyika. Hukwe Zawose wa Kigogo, aliyefariki 2003, naye ni wangu. Zeze na ilimba, ile marimba ya vichuma ya kushika mkononi, alikuwa anaunda mwenyewe, na mtu wa kuunda ilimba anajua ukiongeza kichuma kimoja sauti inabadilika vipi, huyo huwezi kumpa mashine ambayo haifunguki. Angekuwa anakuja hapa kununua RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, anaenda kuifunga nyumbani kwake, halafu kesho ananiletea yale matatizo ya kujitakia, nawajua watu wa namna hiyo na nawapenda.

Mbaraka Mwinshehe ndo huyo namkabidhi mwenzako. Sio kwasababu ya uzuri wa Mac kwa ujumla, hapana. Mbaraka alikuwa kiongozi wa bendi na mtu wa jukwaa, 1970 Morogoro Jazz wamefika mpaka Osaka kwenye maonyesho ya dunia, baadae kaanzisha Super Volcano yake, na mtu wa namna hiyo chombo chake kinaonekana na watu. Na kuna sababu ya kifundi kabisa: MacBook Air ya M1 haina feni, hata moja, unaweka maiki pembeni unarekodi gitaa na sauti haisikii mashine ikihema. T480 ukiipa kazi nzito feni inaanza kuvuma na maiki inalinyaka, na vumbi la Mwanza likishajaa kwenye ile feni ndo usiseme. Logic Pro nayo, programu ya kurekodia muziki, ni ya vifaa vya Apple tu, kwenye Windows haipo. Ila mwambie mwenzako asijisahau, studio nyingi za mtaani Bongo zimejengwa kwa FL Studio, programu ya kutengenezea midundo, juu ya Windows, na FL Studio rasmi kwa Mac imekuja 2018 tu, kwahiyo hiyo hoja ya kwamba muziki ni Mac, midundo aliyokulia anaijua imepigwa kwenye nini?

Siti binti Saad hamjamuuliza ila kwa faida yenu, yeye hana kompyuta kabisa. Hakusoma shule, kapelekwa Bombay 1928 kurekodi, mashine ilikuwa ya wenye kampuni na yeye kaleta sauti. Wapo wasanii wengi wa hivyo mpaka leo na sio wadogo.

Tingatinga naye simpi yeyote kati yenu. Alichokishika ni rangi za mafuta za dukani, zile za kupakia baiskeli, na mbao za siling bodi za mraba, alipaka wanyama na ndege wake akauza Dar pale Morogoro Stores, Oysterbay. Yani kachukua kile kilichopo duka la hadiwea na kinachong'aa. Leo mtu huyo angekuwa na simu ya Android yenye kioo kimepasuka kona, anapiga picha ya mchoro anatuma kwa mteja WhatsApp. Na hapa niwe mkweli, kwa mtu wa rangi ThinkPad ya kawaida ni adhabu. Kioo cha T480 za bei rahisi kimefifia, nyekundu yake inakuja kama imefuliwa mara kumi, ukiinamisha kidogo rangi inageuka. Mwenzako kama anasoma mambo ya picha na video asiuze Mac yake.

Sasa wewe. Unaandika hadithi na mashairi, kazi yako ni herufi, na herufi hazili mashine. Nunua ThinkPad, na nunua T480 ya 2018 usirubuniwe na zile za zamani kama X230 au T430. Kibodi zake ni tamu nakubali, lakini Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. T480 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane inaikubali. Pia usidhani namba kubwa ndo bora zaidi, T490 ya mwaka uliofuata ilitolewa ile betri ya nje na RAM nusu ikachomelewa.

Dukani usiende na haraka. Iwashe, bonyeza F1 ikianza kuwaka uingie BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, ikikudai paswedi irudishe pale pale hata muuzaji aape kwamba fundi wake anaitoa, hiyo ni kufuli ya ofisi ya zamani na ni kesi. Angalia kibodi ni ya nchi gani, kuna mizigo ya Ujerumani ambayo Z na Y zimebadilishana nafasi, kwa Mwingereza sio shida kubwa lakini kwenye Kiswahili Z na Y ziko kila mstari, utaandika nyumba yangu isome nzumba zangu mpaka wadai wako waanze kukupigia. Kuna za Sweden pia zina Å, Ä na Ö pembeni, hizo hazina shida utazoea. Chomeka chaja kwenye tundu la Type-C uitikise kidogo, ikikata kata acha, T480 nyingi zimekuja na ugonjwa hapo, na hata ikiwa nzima ukishainunua mwambie mtu akuwekee maboresho ya Thunderbolt, ule mfumo unaoendesha hilo tundu, kutoka Lenovo, ni bure na yanazuia hilo tundu lisife. Betri zote mbili angalia zinashika. Kama RAM ni 8 inatosha kwa kuandika, ukipata hela ongeza, kuna nafasi mbili. Halafu kazi zako weka sehemu tatu, ndani ya mashine, kwenye flashi inayokaa nyumbani kwa mama, na mtandaoni, na kila muswada uwe na nakala moja ya maandishi matupu, txt, isiyohitaji programu ya mtu yeyote kuisoma, usije ukawasumbua vijana wa klabu ya kompyuta wa mwaka 2060.

Na kama siku moja utafika hela ya Mac na bado unaitaka, sikukatazi, ila chukua M1 kwenda juu, usichukue zile za Intel za bei ya kutupa, na hakikisha muuzaji ametoa akaunti yake ya iCloud mbele yako, mashine ikishawaka upya na haidai jina la mtu ndo utoe hela.

Chaja ya T480 ukichukua ile ya Type-C ya wati 65 inachaji na MacBook Air ya mwenzako vizuri tu. Siku yake ikipotea atakuja kwako, wewe mpe, ila kwanza akwambie Kitereza ni nani.